Begi la altare kutoka Posta hadi Makaburi ya Vita

Novemba 2 asubuhi, Posta, hatua chache kutoka Kanisa la Mtakatifu Yosefu, napanda daladala ya Mwenge na begi la padre wa jeshi mapajani. Konda anataka lirudi nyuma. Halirudi. Ndani kuna kalisi (kikombe cha divai) ya kufungua mguu, patena (kisahani cha hostia), korporale (kitambaa cha kuwekea kalisi na patena), misale ndogo (kitabu cha Misa), mishumaa miwili, kichupa cha divai ya zabibu tupu, na stola (utepe wa padre wa shingoni) ya pande mbili: zambarau ya kitubio, nyeupe ya komunyo. Mafuta ya wagonjwa hayamo. Hayo padre hutembea nayo mfukoni, yamenyweshwa kwenye pamba ndani ya kikopo cha chuma, maana yakimwagika yanalowesha vitambaa vyote, na majeruhi hangoji begi lifunguliwe.

Dar kinachosumbua ni hostia, mikate myembamba ya Misa. Unyevu wa bahari unazilegeza, na kwenye nailoni zinashikana kama chapati za jana. Dawa ni kopo la mfuniko wa kubana, na za siku hiyo tu. Zikipungua wakati wa komunyo, padre anazimega zilizobaki. Hachomoi mpya ambazo hazijageuzwa kuwa Mwili wa Kristo.

Foleni Salenda. Nafunua tena picha ya Emil Kapaun, padre wa jeshi la Marekani, akiadhimisha Misa juu ya boneti ya jipu huko Korea, Oktoba 1950. Sheria ya Kanisa haina shida na boneti: nje ya kanisa meza yoyote inayofaa inatosha, mradi kuna kitambaa, korporale, msalaba na mishumaa. Mkataba wa Geneva wa 1949 nao unasema padre wa jeshi akikamatwa si mfungwa wa vita, anazuiliwa kwa ajili ya kuwahudumia wafungwa tu. Kapaun alifia kambini Mei 23, 1951.

Nashuka Makaburi ya Vita. Makaburi 660 ya Vita ya Kwanza ya Dunia yalihamishiwa hapa 1968 kutoka Ocean Road, kupisha barabara. Vita hiyohiyo ndiyo iliyomsukuma Papa Benedikto XV, mwaka 1915, kuwaruhusu mapadre wote Misa tatu katika siku hii ya Marehemu Wote. Kwa hiyo hostia kubwa tatu, na divai mara tatu; wafungaji wa begi husahau hesabu hii kila mwaka.

Upepo umeanza. Vibanio vinne vya nguo, kimoja kila pembe ya kitambaa.