"Hatujui": siku moja maishani mwangu kama muuguzi wa utafiti wa moyo

Saa 11:40 alfajiri

Simu imenitangulia kuamka. Ujumbe uliingia usiku wa manane, kutoka kwa mtoto wa mshiriki wetu mmoja: baba ameanguka bafuni, amelazwa hospitali nyingine, mapigo ya moyo 38 kwa dakika. Nausoma mara mbili nikiwa bado nimelala, kisha natazama saa. Tangu dakika niliyousoma nina saa 24 za kuwapa taarifa wenye jaribio. Hazihesabiwi tangu alipoanguka; zinahesabiwa tangu mimi nilipojua.

Wenzangu wa wodini huniita Sista Makaratasi, na hawajakosea sana. Jaribio ninalolifanyia kazi sasa lina swali jepesi kulitamka. Mtu amepata shambulio la moyo, akapona, moyo wake ukabaki unasukuma damu vizuri, akameza beta-bloka, dawa ya kuutuliza moyo, mwaka mmoja na zaidi bila matatizo. Je, aimeze maisha yake yote, au anaweza kuiacha? Nusu ya washiriki wanaendelea nayo. Nusu wanapunguziwa taratibu hadi wabaki na kidonge kinachofanana na kile cha kwanza kwa rangi na ukubwa, ila ndani hakina dawa. Nani yuko upande gani, mimi sijui, wao hawajui, na daktari wao hajui.

Beta-bloka hupunguza mapigo. Mapigo 38. Kichwa kinaanza kubahatisha chenyewe, nakikatiza kwa kwenda kuoga.

Saa 1:15 asubuhi

Nampata daktari wa zamu wa hospitali ile. Anataka kujua mgonjwa yuko upande gani. Ana haki: kwa mshiriki yeyote, siri yake inaweza kufunguliwa wakati wa dharura, usiku au mchana. Namuuliza swali tulilofundishwa, kama kujua kutabadilisha atakachomfanyia leo. Ananyamaza kidogo. "Hapana. Vidonge nimeshavisimamisha, namtibu kama mtu aliyemeza dawa." Basi siri inabaki siri. Mgonjwa mwenyewe, naambiwa, amekaa kitandani anaulizia miwani yake.

Taarifa inaondoka saa 1:50.

Saa 2:30

Chumba cha mazungumzo kina viti vitatu na boksi la tishu. Mzee wa miaka 67 amekuja na mkewe. Fomu ya ridhaa ina kurasa 19. Naiweka mezani ikiwa imefunikwa, kwa sababu mtu akiona kurasa 19 huacha kusikiliza.

"Mzee, dawa hii unayomeza kila asubuhi, hatujui kama bado inakusaidia. Tunakuomba ufikirie kutusaidia kujua."

Anamtazama mkewe, kisha mimi. "Hamjui?"

"Hatujui."

"Sasa mbona mlinipa?"

Ni swali la haki na sijawahi kulipatia jibu fupi. Beta-bloka huupunguzia moyo kasi na nguvu ya kudunda, ukahitaji oksijeni kidogo. Miaka ya 1980 ilijaribiwa kwa maelfu ya watu. Jaribio moja tu, ISIS-1 la mwaka 1986, lilikuwa na watu zaidi ya 16,000, na waliopewa dawa walikufa wachache kuliko wasiopewa. Ikaingia kwenye miongozo ya tiba, ikakaa humo. Lakini wagonjwa wale siyo wa leo. Mwaka huohuo wa 1986 ndipo stenti ya kwanza, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, ilipowekwa kwenye mshipa wa moyo wa binadamu, na statini ya kwanza, dawa ya kupunguza kolesteroli, iliidhinishwa mwaka uliofuata. Shambulio la moyo la zama zile liliacha kovu kubwa. Leo mshipa ukizibuliwa mapema, wengi huondoka na moyo ambao kwenye eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, huwezi kuutofautisha na wa jirani yao mzima.

Mzee simtajii majina ya majaribio. Nyinyi nawatajia, kwa sababu hadithi yenyewe ni tamu. Mwaka 2024 REDUCE-AMI, lenye watu 5,020, wengi wao Sweden, lilionyesha kwamba kwa wenye moyo unaosukuma damu vizuri, kuanzishiwa beta-bloka baada ya shambulio hakukupunguza vifo wala mashambulio mapya. Tukadhani kesi imefungwa. Mwaka uleule likaja ABYSS la Ufaransa, lenye watu 3,698 ambao tayari walikuwa wakiimeza. Walioambiwa waache, asilimia 23.8 walipatwa na kifo, shambulio la moyo, kiharusi au kulazwa kwa ajili ya moyo na mishipa. Walioendelea, asilimia 21.1. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kulazwa, si vifo, lakini ilitosha kuzuia mtu asiseme kwamba kuacha ni salama sawa na kuendelea.

Halafu ikaja mwisho wa Agosti 2025, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo mjini Madrid. REBOOT, la Hispania na Italia, zaidi ya watu 8,400: dawa haikuongeza faida. BETAMI-DANBLOCK, la Norway na Denmark, watu 5,574: dawa ilisaidia kidogo, hasa kuzuia mashambulio mapya. Dawa ile ile, mkutano ule ule, majibu mawili. Takwimu zilipounganishwa, watu ambao moyo wao umedhoofika kidogo tu, unaosukuma nje asilimia 40 hadi 49 ya damu kila unapojikaza, walionekana kunufaika. Kwa hiyo jibu linategemea moyo wako uko wapi kwenye ngazi hiyo. Na tafadhali, mtu asisome hapa akaenda kuitupa dawa yake. Beta-bloka ikikatwa ghafla moyo unaweza kugeuka mbogo, ndiyo maana sisi tunaipunguza kwa wiki kadhaa.

"Wewe ungefanyaje, mwanangu?" ananiuliza.

"Ningekuwa najua, mzee, nisingekuwa na fomu hii."

Swali bora la asubuhi linatoka kwa mkewe, ambaye alikuwa kimya muda wote: "Akipatwa na kitu usiku, nani atapokea simu?" Nampa namba, anaipiga palepale, simu ya kitengo inalia mezani kwangu. Ameridhika. Mzee anaondoka na fomu chini ya kwapa, atafikiria. Wanaotia saini ndani ya dakika tano hunitia wasiwasi zaidi. Mara nyingi wanadhani nimewapa tiba mpya.

Saa 4:10

Chumba cha eko, giza nusu. Mama mmoja analala ubavu wa kushoto, moyo wake unacheza kwenye skrini. Tunatafuta asilimia ya damu inayotoka chumba cha kushoto cha chini kila kinapojikaza. Kuingia kwenye jaribio letu lazima iwe 50 au zaidi.

Imetoka 49.

Mpimaji ananitazama. Wote wawili tunajua watu wawili wenye ujuzi wakipima moyo mmoja wanaweza kutofautiana kwa pointi tano au hata zaidi. Inategemea wapi umechora mpaka wa ukuta na picha ilikuwa safi kiasi gani. Angeweza kurudia. Angechora mstari nje kidogo na 49 ingekuwa 51, na pasingekuwa na uongo ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Tuko nyuma kwa idadi ya washiriki mwezi huu, hilo nalo analijua.

"Niandike 49?" anauliza.

"Si ndicho ulichopima?"

Anaandika. Mama hatashiriki, na kwa kuwa watu wa 40 hadi 49 ndio walioonekana kunufaika na dawa, pengine pointi ile moja imembakiza mahali panapomfaa. Au pengine ni 53 na tumempoteza mshiriki bure.

Saa 6 mchana

Kuhesabu vidonge. Mshiriki anarudisha chupa, namwaga kwenye trei, nahesabu kwa kisu cha plastiki. Kuna wanaorudisha idadi barabara kabisa, na hao ndio ninaowachunguza. Mwaka jana mmoja alikiri kwamba hukaa kwenye gari nje na kutupa vidonge vilivyozidi ili "nisikuangushe, sista". Alidhani anatusaidia. Jaribio lenye watu wanaotupa vidonge kwa adabu litatangaza kwamba dawa haina tofauti, na litakuwa limepima adabu.

Leo mmoja amerudisha 31 vya ziada, na anaona aibu. Nimemshukuru kwa dhati.

Saa 7:40

Naitwa chumba cha dharura. Mwanamke wa miaka 44, uchovu mzito tangu jana, taya linauma, kifua kinabana kidogo. ECG, mchoro wa umeme wa moyo, haisemi lolote. Sampuli ya kwanza ya troponini iko katikati, si ya kumtoa wala ya kumlaza. Troponini ni protini inayovuja damuni seli za misuli ya moyo zinapoumia, na vipimo vya siku hizi vinashika kiasi kidogo mno, hivyo kinachotazamwa siyo namba moja bali mwendo wake: unapima tena baada ya saa moja au mbili, unaona kama imepanda.

Kuna utafiti mwingine ambao angeweza kuingia. Nasimama mlangoni, naona alivyoshika ukingo wa kitanda. Natoka. Ridhaa ya mtu anayedhani anakufa siitaki. Sampuli ya pili imepanda na wamempeleka maabara ya mishipa. Nimejulishwa baadaye: mshipa mmoja, umezibuliwa, anaongea.

Saa 9 alasiri

Darasa la wiki. Daktari kijana analeta ORBITA, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017. Watu 200 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura, mshipa mmoja umebana. Wote walilazwa maabara, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi, wakavishwa spika za masikioni zenye muziki. Nusu waliwekewa stenti, nusu hawakuwekewa kitu. Baada ya wiki sita, waliowekewa waliwazidi wenzao kwa sekunde 16.6 kwenye mashine ya kukimbilia, tofauti ambayo kitakwimu haikusimama. Ukumbi unacheka, kama unavyocheka kila mwaka. Kisha anawakumbusha ORBITA-2 la mwaka 2023, watu 301 walioachishwa kwanza dawa za maumivu: hapo stenti ilipunguza maumivu kweli, ingawa wengi waliendelea kuwa nayo kiasi.

Mtu anauliza ni nani angekubali kutobolewa mshipa bila kuwekewa chochote. Watu 200, nasema, na baadaye 301. Nilisema kwa ukali kidogo kuliko nilivyokusudia.

Saa 10:30

Simu za ufuatiliaji. Orodha ya leo ina watu kumi na moja. Saba wapo na ni wazima, wawili hawapokei, mmoja anataka kuzungumza kuhusu goti lake.

Wa mwisho anapokea binti. "Baba alifariki. Wiki mbili sasa."

Nampa pole. Nasubiri. Halafu, kwa sababu ndiyo kazi, nauliza tarehe, saa, alikuwa wapi, alikuwa analalamika nini siku ile, kama kuna karatasi ya hospitali. Fomu ina kisanduku cha "ghafla: ndiyo/hapana". Binti anasema alikuwa anaangalia habari, akainamisha kichwa, wakadhani amesinzia. Naweka alama kwenye "ndiyo". Faili litaenda kwa kamati ya madaktari wasiomjua na wasiojua alikuwa anameza nini, ili waamue kama ni kifo cha moyo. Najua kwa nini imepangwa hivyo na nisingetaka ipangwe vingine. Lakini aliyebuni fomu ile angeacha hata mstari mmoja mtupu baada ya kisanduku.

"Alipenda kuja huko," binti anasema. "Alisema mtamwambia jibu likipatikana. Mlijua?"

"Bado hatujui."

Sikuweza kumuuliza zaidi. Ni kweli humwambia kila mshiriki kwamba atajulishwa, na ni kweli pia kwamba majaribio mengi huisha, matokeo yakasomwa kwenye mikutano, na aliyemeza vidonge miaka mitatu asisikie lolote. Ndiyo maana nina daftari dogo mfukoni, la binafsi, lisilo sehemu ya utafiti, lenye namba za washiriki tu bila majina. Naongeza ya leo, na pembeni naandika: *binti*.

Saa 11:50 jioni

Nafunga kabati la vidonge, nahakikisha joto la chumba limeandikwa, nachukua mkoba. Simu ya kitengo inalia. Ni mzee wa asubuhi.

"Nimesoma zote kumi na tisa," anasema. "Ukurasa wa kumi na moja mmeandika neno moja mara mbili."

Naucheki. Ni kweli. Limepita kamati ya maadili na macho ya watu wasiopungua kumi.

"Kwa hiyo unaonaje, mzee?"

"Bado nafikiria. Mama yenu anasema nikubali, mimi sijui." Anacheka. "Hata mimi sijui, unaona. Niwekee nafasi Alhamisi, tuje tukuulize tena."

Naandika Alhamisi, saa 2:30, viti vitatu.