Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Jirani anapaka chokaa ukuta wa uani tangu asubuhi. Nilitoka kuanua nguo, nikajikuta nimesimama pale na shuka mkononi, navuta pumzi. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona unanusa ukuta?" Nikamwambia nanusa nyumba. Hakuelewa, nami sikuweza kuongeza neno, maana koo lilikuwa limenikaba.

Ile nyumba yangu ya ghorofa ya tatu, katikati ya mji, kwenye lile jengo kongwe la mawe. Ngazi 62, nilizihesabu kila siku. Vidato vilikuwa vimelika katikati kwa nyayo za watu waliotutangulia, hata gizani mguu ulijua wenyewe pa kutua. Nimekaa nyumba nyingine kabla na baada ya ile, ila mapenzi yangu yalibaki pale. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba kizingiti cha dirisha kilitosha kukalia na kukunja miguu. Mchana, mji ukitokota huko chini, ndani kulikuwa na ubaridi, kwa kuwa ukuta mnene hukawia kupata moto. Ukishaupata hukawia pia kuutoa. Usiku niliegemeza mgongo, nikarudishiwa jua la mchana kidogo kidogo.

Kosa nililifanya mwaka wa tano. Chumba cha nyuma kiliota doa la unyevu, rangi ikaanza kubambuka. Nilikuwa mjamzito, nataka chumba kiwe safi kabla mtoto hajaja. Nikaita vijana wakapiga lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta juu yake. Ukuta ukang'aa. Nikafurahi mno. Mvua zilipoanza, doa likarudi, safari hii pana kuliko kabati, na chini ya rangi kulikuwa na chumvi nyeupe iliyoota kama manyoya.

Ndipo akaja yule mzee, fundi wa majumba ya kale. Hakuniuliza kitu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akateremka kidogo, akagonga tena, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mlango. Palipolia kwa uwazi akaweka tindo, akapiga nyundo mara moja, akapiga ya pili. Bamba la saruji kubwa kama sinia likabanduka zima zima na kuanguka miguuni pake. Nyuma yake maji yakachuruzika. Uzi mwembamba tu, ulioshuka taratibu kutoka jiwe hadi jiwe mpaka sakafuni. Mzee akaweka nyundo chini.

"Lete mkono, mwanangu."

Akakishika kiganja changu, akakibandika kwenye jiwe. Lilikuwa limelowa, lina baridi kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga. Hakuniachia upesi.

"Umemziba pua," akasema.

Alisema umemziba, hakusema umeuziba. Ndilo lililonitoa machozi, ile namna ya kuutaja ukuta kama mtu.

Alinieleza akiwa anakwangua. Ukuta wa mawe na chokaa hupenyezwa na mvua kidogo, na jua likitoka ule unyevu hurudi nje kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Saruji haiupi nafasi hiyo. Maji yakinaswa nyuma yake hula chokaa iliyoshika mawe, kisha huligeukia jiwe lenyewe. Siku ya pili akaja na ndoo ya chokaa iliyolala majini muda mrefu, laini kama siagi. Nikiwa nimekaa kizingitini, miguu imevimba, akanisimulia safari ya chokaa hiyo: jiwe huchomwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 900 hivi mpaka hewa ya ukaa iliyomo itoke, likimwagiwa maji huchemka lenyewe bila moto, na likishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile ile, kidogo kidogo, miezi na miezi, mpaka liwe jiwe upya.

"Kwa hiyo usimharakishe," akasema.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuulowesha ukuta kwa brashi asubuhi na jioni, usije ukakauka haraka na kupasuka. Niliifanya siku zote alizoniambia, tumbo likigusa ukuta kabla ya mkono wangu. Harufu ile, ya jiwe lililonyeshewa, iliingia kwenye nywele na kwenye mito.

Mengine yalikwenda mbio. Mtoto akaja. Jengo likauzwa, tukapewa notisi. Binti yangu alikuwa na miezi 9 tulipoteremka zile ngazi kwa mara ya mwisho, na chokaa ilikuwa bado haijamaliza kurudi kuwa jiwe. Mwaka jana nilipita pale. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, pazia la mtu mwingine linapepea. Sikupanda. Niliogopa kuukuta ukuta unang'aa.

Saruji ile niliipaka kwa kuipenda nyumba, wala sikuwa nimeipuuza. Nimejiuliza miaka yote hii jinsi mtu anavyoweza kupenda kitu na papo hapo akakiziba pua. Namtazama mtoto wangu, nazidi kujiuliza.

Jioni hii nimemkuta amesimama uani, kiganja kimebandikwa kwenye ukuta wa jirani, macho ameyafumba.

"Mama," akasema, "kuna baridi."