SA na majivu: mbolea yangu ilikuwa inapotelea hewani

Misimu miwili kabichi zangu zilibaki njano ingawa mbolea ya SA nilikuwa naweka kwa wakati. Nikadhani nimeuziwa feki. Siku moja nachanganya SA na majivu mabichi kwenye ndoo, kama kawaida yangu, harufu kali ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka, kama ya choo kilichofungwa siku nzima. Hapo nikalijua kosa.

SA ni amonia salfeti. Kiwandani hutengenezwa kwa kukutanisha amonia na tindikali ya salfuriki, kisha fuwele zake hukaushwa. Ina naitrojeni 21% na salfa 24%. Majivu ni alkali kama chokaa. Yakigusana na SA penye unyevu, amonia hugeuka gesi ikaondoka na naitrojeni yake. Fedha yangu yote ile, hewani!

Sasa majivu natangulia kuyaweka wiki tatu kabla ya kupanda. SA inakuja baadaye, peke yake: kifereji cha sentimita 5 kando ya mche, nafukia, namwagilia siku hiyohiyo. Baada ya siku 10 hivi majani machanga yalikuwa yamekolea kijani. Majivu siyaachi, maana SA huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka, nayo majivu huupunguza.