Kwaya ya mtaa: jinsi nilivyowazuia wote kukimbilia soprano

Tulianza watu kumi na mmoja, sebuleni kwa mama mmoja hapa Morogoro, kila Jumatano jioni. Wiki tatu nzima shida ilikuwa ile ile: tukigawana soprano (sauti ya juu kabisa), alto, teno na besi (ya chini kabisa), ubeti wa kwanza haujaisha wote wameshahamia soprano. Besi, tuliokuwa nao wawili tu, ndio waliotangulia kukimbia.

Nikajaribu kuwatenganisha, huyu barazani, yule ndani. Wapi!

Mwisho niliachana na nota za mistari, nikaandika sol-fa ubaoni, yaani do re mi kwa herufi: d r m f s l t, ule mfumo alioueneza Mwingereza John Curwen karne ya 19. Wengi walikuwa wameuona kanisani tangu utotoni. Nikaanza na besi peke yao, maana besi ya wimbo wetu haikutoka mbali na do, fa na so. Wakaishika siku hiyo hiyo. Kisha nikarekodi kila sauti kwa simu nikawatumia kwa WhatsApp, mtu aisikilize hata akiosha vyombo.

Kulibaki ufunguo wa wimbo, yaani do ianzie juu kiasi gani. Do yetu ilikuwa F, kwa hiyo mi ya juu ilipigiwa kelele, haikuimbwa. Nikaishusha hadi D. Dada mmoja wa alto akashuka chini bila shida. Nikamhamishia teno, na hatoki huko (wanaume wa teno hawakutosha hata hivyo).

Jumatano ya sita tulimaliza ubeti kwa sauti nne. Mama mwenye nyumba alitoka jikoni kusikiliza, maharage yakaungua.