Nilivyoandaa Taazia ya Mzee wa Klabu Yetu ya Pikipiki za Zamani

Mzee wetu alipofariki dunia, kamati ya klabu ilinikabidhi kazi ya kuandika taazia yake na kuisoma siku ya msafara wa kumkumbuka. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi ndiye katibu, ingawa nadhani sababu ya kweli ni kuwa kila aliyemfahamu vizuri aliogopa kushika kalamu. Alikuwa mwanachama tangu klabu ikiwa changa, na wengi wetu tulijifunza kwake kutofautisha spana za Whitworth, yaani za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na za milimita hata kabla hatujamiliki pikipiki. Naeleza hapa jinsi nilivyoifanya kazi hiyo, kwa kuwa klabu za namna yetu zimejaa wazee, na si muda mrefu mtu mwingine mahali fulani atakabidhiwa kazi kama hiyo.

Jambo la kwanza nililoamua ni kutomuuliza mtu yeyote marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo huzaa majibu yale yale ya kila msiba: alikuwa mcheshi, alipenda watu, hakuwa na makuu. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli yote, lakini yangemfaa vilevile jirani yake au shemeji yake. Badala yake niliwauliza wanachama ni kitu gani alichowatengenezea, na ni kitu gani alichokataa kuwatengenezea, na majibu ya swali la pili ndiyo yaliyonipa taazia. Mmoja alisimulia jinsi alivyompelekea pikipiki yake, Triumph Bonneville ya miaka ya 1960, akitaka ipakwe rangi upya, mzee akaizunguka, akapitisha kidole juu ya tangi lililofifia, kisha akasema, "Rangi hii ilipakwa kiwandani, kijana. Ukiikwangua leo, kesho utaitafuta wapi?" Mwingine alitaka magneto yake, kile kifaa cha zamani kinachozalisha umeme wa cheche, iondolewe awekewe mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche, akakataliwa, wakabishana hadi wakanuniana. Ugomvi huo niliuacha ndani ya taazia, kwa ruhusa ya mhusika, maana mwanachama wa klabu ya pikipiki za zamani ambaye hajawahi kugombana na mtu kuhusu magneto bado sijamwona.

Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa kupima masimulizi kwa ushahidi. Mzee aliendesha BSA M20, pikipiki ya silinda moja ya ujazo wa takriban sentimita 500 za ujazo, yenye valvu za pembeni, na katika klabu ilikuwa ikisimuliwa kwamba baba yake aliinunua dukani ikiwa mpya kabla ya vita. Ni simulizi tamu, na mzee mwenyewe hakuwahi kuikanusha mbele yangu. Hata hivyo, nilipoinama na tochi nikafuta grisi kwenye ubavu wa injini, namba iliyogongwa pale ilianza kwa herufi WM20, ambayo ni alama ya pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda cha BSA kilitoa M20 nyingi mno kwa ajili ya vita hivyo, zaidi ya 100,000, na zilizobaki ziliuzwa kwa raia amani iliporejea. Hiyo ya mzee, basi, haikupata kukaa dukani.

Jibu kamili lilikuwa ndani ya daftari lake la matengenezo, ambalo mjane wake alinipa nikae nalo. Ukurasa wa kwanza unasema aliinunua yeye mwenyewe kutoka kwa muuza vyuma chakavu, haina kabureta, tairi la nyuma limeoza. Kwangu mimi habari hiyo inamheshimu zaidi kuliko ile ya dukani, na ndiyo niliyoiandika. Kurasa zinazofuata zina safu za tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na spea iliyotumika, na hapa na pale sentensi ambazo ni kama anamsemesha mtu. Mojawapo niliinakili neno kwa neno: "Oili imepungua kwenye tangi na chini hakuna tone. Imeshukia ndani ya injini. Fungua nati ya chini, mwaga kwanza, ndipo upige kiki." Anayezifahamu injini hizi ambazo oili yake hukaa katika tangi la pembeni ataelewa kwamba pikipiki ikisimama muda mrefu oili hupenya kwenye pampu na kujaa chini, na anayepiga kiki bila kuimwaga atafukiza moshi mtaa mzima.

Daftari hilo ndilo lililotuwezesha pia kuiwasha M20 kwa ajili ya msafara. Nilimwendea mjane nikamwambia, "Mama, tunaomba ruhusa itembee pamoja nasi siku hiyo." Akajibu, "Mwanangu, ichukueni, ila aiendeshe yule binti aliyekuwa akimfundisha, si nyinyi mnaokimbia." Binti huyo ni mwanachama wetu mdogo kuliko wote, na alipoifikia pikipiki hakuhitaji kuelekezwa. Alimwaga oili ya chini, akafungua koki ya petroli, akabonyeza kitufe kidogo cha kabureta ya Amal hadi petroli ikadondoka, akarudisha nyuma wenzo wa kuchelewesha cheche ili kiki isije ikampiga mguu, akaitafuta pistoni polepole hadi ikakaza, akabana wenzo wa kuinua valvu akaivusha kidogo, ndipo akashusha mguu kwa uzito wote. Injini iliitikia kwa mlio ule wa taratibu ambao unaweza karibu kuuhesabu.

Maandishi ya mwisho ya daftari yalisema kwamba magneto inagoma ikipata moto, na kwamba mzee anaishuku kondensa, kifaa kidogo cha umeme kilichomo ndani yake. Dalili hiyo ni ya kawaida kwa magneto zilizozeeka: asubuhi cheche ni kali, ukizima injini ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Hatukuwa na muda wa kuipeleka kwa fundi wa kuzisuka upya, kwa hiyo tulipanga msafara kuzunguka udhaifu huo. M20 ilitangulia ili mwendo uwe wake, chini ya kilomita 70 kwa saa. Njia ilichaguliwa isiyo na miteremko mikali, kwa kuwa breki zake ni za ngoma na hazina haraka. Na tulipopumzika, wote tulizima injini isipokuwa hiyo.

Taazia niliisoma mwisho wa safari, injini zikiwa zimezimwa, maana hakuna sauti ya binadamu inayoshinda BSA iliyo karibu. Nilikuwa nimeeleza, pamoja na mengine, kwamba mzee alikuwa na desturi ya mafundi wa zamani ya kufungua mnyororo, kuusafisha kwa mafuta ya taa na kuuzamisha katika grisi iliyoyeyushwa motoni ili iingie hadi ndani ya viungo. Nilipomaliza, watu walipiga makofi, na mjane akaninyooshea mkono akiomba karatasi. Alisoma kimya hadi akapata sehemu hiyo, akaniambia, "Hapa pa mnyororo, ongeza kwamba sufuria ilikuwa yangu." Nakala iliyo kwenye jalada la klabu ina sentensi hiyo.