Mionzi nayo inataka hewa

Baba mdogo anatibiwa saratani ya puru (mwisho wa utumbo mpana) kwa mionzi hapa hospitali ya Mulago, Kampala. Nikamuuliza daktari, mbona uvimbe mwingine hausikii mionzi? Kumbe ni oksijeni! Mionzi hukatakata DNA ya seli, na oksijeni ndiyo huzuia mikato ile isijiunge tena. Ndani ya uvimbe mishipa ya damu ni michache na mibovu, basi seli za katikati hukosa hewa, na kuziua kwaweza kutaka dozi hadi mara 3. Hiyo ni sababu mojawapo ya dozi kugawanywa: seli za nje zikifa, za ndani hupata hewa, kesho yake zinapigwa. (Hilo limenifurahisha mno.) Denmark huongeza nimorazoli, dawa ya kufanya seli zilizokosa hewa zisikie mionzi, ila kwa saratani za kichwa na shingo. Baba mdogo anameza kapesitabini, vidonge vya kemo, kusaidia mionzi, na kinachomkera zaidi ni vidonge hivyo kumfanya viganja viwake moto.