Mshono wa nyonga uliogoma kukauka, nilivyoenda nao

Nilibadilishwa nyonga ya kulia nikijua kazi kubwa itakua kujifunza kutembea upya, kumbe kilichoninyima usingizi ni ngozi. Dokta alinieleza mapema kua hawashoni mara moja, wanaanza na ule utando mgumu unaofunika misuli, wanaushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, wanakuja tabaka la mafuta, ndo ngozi sasa. Ngozi inafungwa kwa pini za chuma, au nailoni ambayo itatolewa, au uzi unaopita ndani kwa ndani usionekane, na wengine wanamalizia na gundi. Mimi nikapigwa pini, mana ni za haraka. Baadae nikasoma uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2010 unaosema kwenye upasuaji wa mifupa, hasa nyonga, pini zinaonekana kuleta maambukizi zaidi kuliko uzi, ingawa tafiti zenyewe zilikua chache na hazikua imara sana. Ningejua kabla ningeuliza maswali zaidi, ila sidhani pini ndo zilinisumbua.

Siku mbili tatu za mwanzo bandeji kulowa kidogo ni kawaida, nilishaambiwa. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani pakiwa pakavu. Siku ya 6 naamka nakuta shuka ina maji ya pinki, nikabadilisha bandeji, jioni imelowa tena. Homa sina, usaha hakuna, harufu hakuna, maumivu yaleyale tu, ndo mana ilikua rahisi kujidanganya kua hamna kitu.

Dada yangu akaniletea antibiotiki zilizobaki za mtoto wake, meza tu hizi mdogo wangu, zitakausha. Alikua ananihurumia kweli ila nilikataa, kwasababu ukimeza halafu wakichukua kipimo cha maji ya kidonda, dawa inaweza kuficha bakteria na wasijue wanapambana na nini. Poda nayo sikuweka. Nilichofanya nikapiga picha mshono, nikachora kwa kalamu pale wekundu ulipoishia ili nione kama unasambaa, nikaandika kila bandeji niliyobadilisha na saa yake. Zilipofika 3 kwa siku moja nikapiga simu wodini wakaniambia njoo leoleo usisubiri kliniki.

Ule uandishi ulinisaidia sana, yani dokta hakuniuliza "kidogo au nyingi", alihesabu mwenyewe. Wakapima damu, wakapiga ultrasaundi, kumbe damu ilikua imevilia chini ya ngozi na inatafuta njia ya kutokea. Nilikua natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, wakaibadilisha wao (usiiache mwenyewe jamani, damu ikiganda mguuni inaweza kwenda kwenye mapafu), wakapunguza mazoezi ya kukunja nyonga kwa siku chache na kuniwekea bandeji yenye kimashine kinachovuta maji. Nikauliza kwanini wanahangaika hivi kwa maji tu. Dokta akasema njia inayotoa maji nje ndo hiyohiyo bakteria wanaingilia, na wakifika kwenye nyonga ya bandia wanajishika pale na kujitengenezea utando ambao dawa inapenya kwa shida, kwaiyo isingekauka wangenirudisha chumba cha upasuaji kuosha. Hapo nilinyamaza kabisa.

Siku ya 10 ikakauka. Pini kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, mimi walisubiri ya 14, wakatoa moja wakaruka moja kwanza waone kama kingo zimeshikana, ndo wakamaliza zilizobaki na kubandika vitepu vyembamba.

Wiki ya 6 kikatokea kama kichunusi kwenye kovu, nikatetemeka nikajua yameanza tena. Nikarudi mbio. Nesi akakiangalia kwenye taa, ilikua ncha ya ule uzi wa ndani haujayeyuka, mwili unausukuma nje. Akaukata kwa mkasi safi, akafuta, na baada ya siku 4 pakafunga.